Giza sita: nilivyoaga Mwanza kwenda kusoma semesta moja Ujerumani

Mama yangu hajawahi kusema neno semesta. Siku nilipomwambia jina langu limetoka, nimechaguliwa, naenda Ujerumani kusoma kwa muda afu narudi kumalizia chuo hapahapa Mwanza, aliniuliza swali moja tu: "Utakaa giza ngapi?"

Kwa asiyejua, mama anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na mtu wa dagaa haangalii kalenda ya ukutani. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa, zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola, mwanga unawaita wanapanda juu wanajazana ndo wanazungushiwa wavu. Sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi inakuwa haina maana, kwa hiyo watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, na mama anakaa nyumbani siku kadhaa anafua mapazia na kulala mchana. Mwezi ukipungua giza linaingia, kazi inarudi, simu yake inaanza kuita saa tisa usiku. Nyumbani kwetu ada imelipwa hivyo miaka yote, giza hili la mdogo wako, giza lijalo la kwako. Basi nikakaa chini na simu nikahesabu, kuanzia katikati ya Septemba 2024 mpaka mwanzo wa Machi 2025. Nikamwambia giza sita, mama. Akanyamaza. Akasema sita sio nyingi. Afu akaingia chumbani na hakutoka mpaka jua linazama.

Naandika haya kwa sababu kuna mdogo wangu wa chuo, mwaka wa pili, kapata nafasi kama ile na kaniuliza, "dada ulijiandaaje?" Nikamtumia orodha ya makaratasi. Usiku nikawaza nikaona hilo sio alilokuwa anauliza.

Makaratasi niyamalize haraka maana yanaeleweka. Pasipoti 150,000, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, bima, barua ya chuo cha huku na barua ya chuo cha kule, picha za vipimo vyao, na safari ya basi mpaka Dar, zaidi ya kilometa 1,100, kwenda kuweka alama za vidole ubalozini na kugeuza. Afu kusubiri. Kusubiri ndo kulinitesa kuliko vyote, kila simu ikiita naruka, na mtaani kila mtu keshajua kwa hiyo ukienda dukani kununua chumvi unaulizwa "bado upo?"

Mji wenyewe ni Würzburg. Wengi wetu Mwanza hatujui kwamba mji huo na wetu ni miji rafiki tangu 1966, mama alikuwa hajazaliwa, na watu wanaofanya kazi hospitali ya Bugando wanawajua wageni wa kutoka kule miaka mingi. Mi mwenyewe nasoma mambo ya maabara ya tiba, ndo kilichonipeleka. Ila ukimuuliza mama atakwambia nilienda Frankfurt, kwa sababu hilo ndo jina aliloliona kwenye tiketi na alilishika moyoni.

Wiki ya mwisho tukaenda Sengerema kumuaga bibi. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado, nguzo zimesimama majini tunazitazama kutoka kwenye kivuko, kila mtu anakadiria litaisha lini (lilikuja kufunguliwa Juni 2025, kilometa 3, sa hivi unavuka kwa dakika chache bila hata kushuka kwenye gari). Siku ile tulipanga foleni kama kawaida, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukavuka. Bibi tulimkuta amekaa chini ya mwembe, nikamsalimia kwa Kisukuma. "Mwadila bibi." "Mwadila." Akanishika mkono hakuuachia mpaka nimekaa.

Bibi alikuwa ameshaniandalia samli. Chupa ya lita moja na nusu imejaa mpaka shingoni, samli ya ng'ombe wake mwenyewe, ameipika ameichuja, ameweka kifuniko na juu yake ameviringishia nailoni na mpira. Sasa mi nilishasoma sheria zao, vitu vya nyama na maziwa huwezi kuingia navyo kule ukitokea huku kwetu, unaachishwa uwanja wa ndege vinatupwa. Samaki wa matumizi yako mwenyewe wanaruhusu mpaka kilo 20 lakini samli hapana. Nilimwangalia mama, mama akaangalia pembeni. Ikabidi niseme mwenyewe.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Chupa wanaikataa?"

"Ndio bibi, wanaikataa."

"Na kichwa je? Kichwa nacho wanakikataa?"

Akafungua chupa. Akamimina kiganjani, akasugua mikono, akaniambia nifungue nywele. Alinipaka nywele zote, ngozi ya kichwa, nyuma ya masikio, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu kabisa, anamimina tena anapaka tena, na mikono yake ilikuwa na joto na ile harufu ya moshi na maziwa ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Mdogo wangu alikuwa amebeba kofia yangu ya sufu, nilikuwa nimetoka kuinunua mitumba pale Mlango Mmoja nikaja nayo kumuonyesha bibi kwamba sitaumia na baridi. Bibi akaichukua akaivalisha juu ya nywele zile zile zilizolowa samli, jua la saa nane la Sengerema, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Akasema sasa imefungwa vizuri, nenda mhola, yaani nenda salama.

Hakusema kingine. Tulirudi na kivuko cha jioni mi nimevaa kofia ya baridi watu wote wananiangalia na sikuivua.

Kesho yake ilikuwa mbalamwezi, mama hana kazi, tukapeleka begi Mwaloni kulipima. Tiketi ilisema kilo 23, na nyumbani hatuna mizani, na mama alisema kuna mizani gani ya uhakika duniani kuzidi ile inayompimia kila siku. Sokoni kulikuwa kumepoa kwa sababu ya mwezi, magunia machache, kunguru, wale ndege marabu wamesimama kwenye mawe. Kaka mpimaji akalitundika begi langu kwenye ndoano ileile ya magunia ya dagaa. Kilo 28 na nusu. Basi wakakusanyika akina mama wote wanaofanya kazi na mama, kila mtu na maoni yake, begi likafunguliwa pale chini juu ya turubai, nguo zangu zote, na za ndani, watu wazima wanazikunjua na kuzikunja.

Unga wa sembe kilo 3 ukatoka kwanza, wakasema kule watu wanakula, hatokosa unga. Vitabu viwili vikatoka, 24. Imebaki kilo moja. Mama mmoja akasema punguza dagaa, mbona umemuwekea mbili nzima. Mama yangu hajibu. Dagaa alikuwa amewachagua mwenyewe, wa kutoka Ukerewe, waliokaukia kwenye vichanja sio mchangani, amewatoa vichwa mmojammoja usiku wakati sisi tumelala na kuwafunga nailoni tatu ili nguo zisinuke. Yule mama akarudia, dagaa kilo moja inatosha. Mama akainama, akachukua viatu vyangu vya pili, vipya, alivyoninunulia yeye, akavitoa akaviweka juu ya unga. Begi likapanda tena. 23 kamili, mshale haukutikisika.

Kaka mpimaji akatoa makapeni yake akaandika 23 ubavuni mwa begi, kubwa, vilevile anavyoandika kwenye magunia yanayoenda Kongo. Ile namba bado ipo mpaka leo haijafutika.

Siku yenyewe sina mengi. Baba ni fundi mitumbwi, mtu wa maneno machache, asubuhi alilizungushia begi kamba ya nailoni na fundo lake la mtumbwi, lile ambalo likilowa linazidi kukaza, na tulipofika uwanja wa ndege akanishika bega akasema "fundo usilikate, lifungue." Mama hakulia. Alilia mdogo wangu. Ndege iliporuka nililiona ziwa lote linameta na mawe yanakuwa madogo kama kokoto, na mi ndo nikalia pale, nimekaa na mzee mmoja ambaye sikumjua akanipa kitambaa chake bila kuniuliza kitu. Dar, Addis, Frankfurt, treni. Lile fundo nilihangaika nalo chumbani kama nusu saa vidole vinauma, mkasi upo mezani, sikulikata.

Würzburg ni mji mzuri, nisiseme uongo. Mto Main unapita katikati, kuna daraja la kale la mawe lenye sanamu za watakatifu pande zote mbili, ngome kubwa juu ya kilima, na mashamba ya zabibu kwenye miteremko yameshuka mpaka karibu na nyumba. Wiki za kwanza tulikuwa na kozi ya lugha kabla masomo hayajaanza katikati ya Oktoba. Kilichonishinda mwanzoni ni ukimya. Kwenye basi watu hamsini na unasikia kengele ya kituo tu. Jengo nililokaa nilipita koridoni siku nne bila mtu kuniuliza nimeamkaje, na mi nimetoka nyumba ambayo ukitoka bafuni unasalimiwa na majirani watatu. Siku ya tano nilipika dagaa. Nyanya, kitunguu, ndimu, mafuta kidogo, na harufu ikatoka ikaenda koridoni yote, nikawa naogopa, nimefungua dirisha kwenye baridi ile. Mlango ukafunguliwa akaja binti mmoja wa Indonesia, macho yamemtoka, akasema kwao wanao, samaki wadogo waliokaushwa hivyohivyo, wanawaita ikan teri. Tulikula kwa mikono tumesimama jikoni. Kuanzia siku ile kuna mtu akawa ananiuliza nimeamkaje.

Sasa mambo ya simu. Kukiwa na giza mama huwa hapatikani usiku, yuko Mwaloni anapokea mzigo au amelala kidogo anasubiri kuamshwa, ukimpigia unamkatia usingizi anaouhitaji. Kukiwa na mbalamwezi yuko nyumbani, anaongea hata saa nzima. Kwa hiyo nilikuwa natoka nje usiku naangalia juu, mwezi ukiwa mkubwa napiga, ukiwa umekatika natuma sauti kwenye WhatsApp atasikiliza akipata nafasi. Ilifanya kazi vizuri Septemba na Oktoba. Mwisho wa Oktoba wenyeji wakarudisha saa nyuma, kule wanafanya kila mwaka, Jumapili ya mwisho, tofauti yetu ikatoka saa moja ikawa mbili. Mama alikasirika kweli. Akauliza nani kawapa ruhusa ya kugusa saa, mtoto wake alikuwa anapiga saa tatu usiku sasa anapiga saa nne.

Afu ikaja Novemba na mawingu. Sijui niyaelezeje kwa mtu wa Mwanza, kwetu mawingu yanakuja, yananyesha, yanaondoka, jioni unaona nyota. Kule yalikaa. Wiki nzima, wiki mbili, mbingu ya rangi ya sufuria, jua hulioni, mwezi huuoni, nikapoteza hesabu kabisa. Nikapiga simu usiku mmoja mama akapokea na sauti ya usingizi nzito, nyuma nasikia watu wanasema gunia gunia, nikajua nimekosea, ni giza. Akasema "mwanangu kuna nini?" kwa ile sauti ya kushtuka ya mzazi akipigiwa usiku. Nikamwambia hakuna kitu mama, mwezi sijauona. Kimya. Akasema, "Basi mi ntakuwa nakwambia."

Na ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho. Kila giza likiingia ananitumia sauti fupi, sekunde tano, sita, "giza la tatu limeingia", hakuna salamu hakuna kwaheri, na likiisha "limeisha, piga". Desemba nilipomwambia kule jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni alifikiria sana, akasema na kwa kweli alimaanisha, huko dagaa wangevuliwa kuanzia jioni.

Masomo yalikuwa mazuri na magumu. Njia yangu ya kwenda chuo ilipita mtaa wenye jengo ambalo mwanasayansi Röntgen aligundulia eksirei mwaka 1895. Alikuwa hajui ni mionzi gani ndo maana akaiita X. Niliwaza wagonjwa wote niliowaona wamekaa kwenye benchi pale Bugando wanasubiri picha ya kifua. Nilimwambia mama, akauliza huyo mzee alitajirika? Nikamwambia hakutaka hataza, aliuachia ugunduzi wake kila mtu autumie. Mama akasema huyo alilelewa.

Ila siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Januari, maabara ya vimelea. Tulipewa slaidi bila majina tutambue. Nikaweka ya pili chini ya hadubini, nikazungusha mpaka ikakaa sawa, na pale katikati kukawa na yai moja, refu kidogo la mviringo, rangi ya chai, na mwiba mmoja umetokea ubavuni. Yai la kichocho cha mkojo mwiba wake uko mwishoni, huu uko ubavuni, ni kichocho cha tumbo. Hicho kinatoka kwetu. Mtoto anaingia ziwani kuogelea au kuchota maji, kimelea kimetoka kwa konokono kinapenya ngozi. Tulipokuwa shule ya msingi walikuwa wanakuja wanatusimamisha kwenye kijiti chenye alama wanapima urefu, urefu wako ndo idadi ya vidonge, vichungu mpaka machozi, na tunarudi nyumbani tunapitia mwalo wa baba kumuona anavyoranda mbao, tunaingia majini tena.

Profesa akauliza kwa wote, kuna mtu amewahi kukiona hiki nje ya maabara? Nikanyoosha mkono. Nikaanza kueleza kwa Kiingereza, kijiti, vidonge, konokono wanakaa wapi, kwenye matete, na nilipofika kwenye mwalo wa baba sauti ikakata. Sikuwa na huzuni ya ugonjwa, ni kwamba nilikuwa nimekaa miezi minne sijaona kitu chochote cha ziwani zaidi ya dagaa, na dagaa walikuwa wameisha Krismasi, na kitu cha kwanza cha kwetu kunijia kilikuwa kile. Dagaa walionilipia pasipoti na yai lile wametoka kwenye maji yaleyale. Darasa zima lilinisubiri. Nikamalizia. Baada ya hapo nikajua nataka kufanya kazi gani na wapi, na sijabadilisha mpaka leo.

Giza la sita lilikuwa mwisho wa Februari. "Giza la sita limeingia", halafu kwa mara ya kwanza akaongeza, "kata tiketi", wakati tiketi tulishaikata tangu Septemba.

Nilirudi wiki ya pili ya Machi, mwezi umeshaanza kukua. Jumapili yake tukavuka kwenda Sengerema, bado kwa kivuko. Bibi yuko palepale chini ya mwembe. Nilimpa shuka zito nililomletea akashukuru akaliweka pembeni. Akauliza, "Samli ilifika?"

Sikujua nijibu nini, nikafungua mkoba nikatoa ile kofia ya sufu. Sikuwahi kuifua, niliivaa kila siku ya baridi, na usiku mwingine ambao mawingu yalikuwa yamekaa nililala nayo. Bibi akaishika, akaigeuza ndani nje, akaisogeza puani akavuta pumzi, akaisogeza tena.

"Ilifika," akasema, na akampa mama naye ainuse.